Kiti cha Mpiga Harmoniamu

Kabla hujaandika nota hata moja, hesabu viti. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaambia nyinyi vijana mnaokuja barazani kwangu, mtaa wa Langoni, na kompyuta zenu mkitaka niwaonyeshe kazi ya kupanga muziki. Hesabu viti, kisha uliza kila kiti kina nani na ana chombo gani. Kazi hii nimeifanya kwa miaka thelathini na zaidi, na kosa kubwa kuliko yote niliyofanya halikuwa la nota. Lilikuwa la kiti kimoja. Nitalifikia. Nitawaeleza pia kwa nini mwaka huu, na goti langu hili, nilipanda punda kwenda kijiji cha Matondoni kutafuta kama linarekebishika.

Majirani walikuwa wakinitania. "Bwana Bakari, kupanga muziki ni kupanga nini? Muziki ni vikombe?"

Nilikuwa nikiwajibu kwa mfano wa jikoni. Umezoea kupika biriani ya harusi, sufuria ya watu mia mbili. Leo mwenye nyumba anakuambia wageni ni sita na jiko ni moja. Huwezi kupunguza kila kitu kwa kipimo kimoja. Ukipunguza hiliki kama unavyopunguza mchele, chakula hakinukii. Lazima ujue kipi kinapungua, kipi hakipungui, na kipi kikikosekana hakuna atakayekitaja kwa jina lakini wote wataacha kula mapema.

Mimi sufuria yangu kubwa ilikuwa konseti ya piano. Ni muziki mrefu wa Kizungu ambamo piano moja hujibizana na okestra nzima: fidla ishirini, sello, filimbi, mabaragumu ya shaba. Sisi hapa kisiwani Amu tulikuwa na piano moja, fidla mbili na sello moja iliyotoka katika kikundi cha taarabu. Okestra ile ilibidi niikunje mpaka iingie katika ukumbi wa nyumba ya mawe, baina ya nguzo mbili.

Mtauliza piano ilifikaje Amu. Aliileta Bi Greta, daktari mstaafu wa Kizungu aliyenunua nyumba ya zamani karibu na hapa akakaa nasi mpaka alipofariki. Ilishushwa gatini ikabebwa na hamali wanane kwa mipiko. Kwenye kona ya tatu ilikwama. Haikwenda mbele, haikurudi nyuma, na punda wote wa mtaa wakawa wanazungushwa ndia nyingine. Ilikaa pale siku mbili. Siku ya pili bibi mmoja alitandaza nyungo zake juu yake akaanika mchele, na hamali walipokuja na fundi wa kubomoa pembe ya ukuta, aliwaambia wangoje mchele ukauke.

Nota nilijifunza sekondari, Mombasa, kwa mwalimu aliyenichapa mkono kila nilipoandika mkia wa nota upande usiofaa. Nilirudi nyumbani nikawa mwandishi wa kikundi cha taarabu, nikiwaandikia wapigaji wa fidla nyimbo walizokuwa wakizishika kwa kichwa tu. Bi Greta alisikia kuna mtu Langoni anayeandika mistari mitano, akaniita. Aliniwekea mbele kitabu kinene cha konseti moja, akasema, "Bwana Bakari, nifanyie hii iwe ya watu wachache." Nikasema inshallah, nami sikujua ninachokubali.

Kosa la kwanza nililifanya wiki ile ile, na naamini ni kosa ambalo angelifanya mtu wa pwani peke yake. Katika taarabu yetu vyombo vyote huufuata wimbo mmoja. Fidla, udi, ganuni, kila mmoja anaupamba kwa njia yake, lakini wimbo ni ule ule. Mimi nilipoona kitabu cha okestra, nikaona watu wengine wamepewa nota tatu tatu, wengine wananyamaza ukurasa mzima, wengine wanakwaruza sauti za chini zisizoimbika. Nikawaonea huruma. Nikasema hawa Wazungu hawana adabu, mtu atatokaje kwake amevaa vizuri aje apige nota tatu? Nikampa kila mmoja wimbo. Fidla ya kwanza wimbo, fidla ya pili wimbo, sello wimbo, na piano juu yao wimbo.

Tulipoupiga, ulikuwa kama watu wanne wanaosimulia kisa kimoja kwa wakati mmoja. Bi Greta alikunja mikono mapajani. Aliyesema alikuwa Athman.

Athman alikuwa rafiki yangu tangu chuoni, tulipokuwa tukisoma Kurani kwa mwalimu mmoja. Kwao ni Matondoni. Mchana alikuwa fundi wa kalafati, yaani yule anayejaza pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao za vyombo vya baharini ili maji yasiingie. Jioni alipiga harmoniamu, kile kinanda cha Kihindi ambacho mkono mmoja unavuta mvukuto na mwingine unabonyeza. Siku ile alikuwa amekaa pembeni na harmoniamu yake, sijampa karatasi bado.

"Beka," aliniambia, kwa jina aliloniita tangu utotoni, "hii harusi kila mtu ni bwana arusi. Nani yuwapika?"

Tuliteka, yaani tulicheka, mpaka Bi Greta akataka kufasiriwa, na alipofasiriwa aliteka kuliko sisi. Niliichana karatasi yote nikaanza upya. Kwa hiyo shikeni hili: kumpa mtu sauti ndogo si kumdharau. Kumdharau ni kitu kingine, na hicho nacho nilikifanya.

Lakini kwanza niseme kuhusu piano, kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake. Piano haipendi Amu. Nyuzi zake ni za chuma na hewa yetu ni ya chumvi. Msimu wa kusi vibao vyake vinavimba, ukikibonyeza kimoja kinazama na hakirudi mpaka ukivute kwa kucha. Dawa niliyoigundua ni taa: weka balbu ndogo chini yake ndani ya sanduku, iwake mchana na usiku, joto lile linafukuza unyevu. Pia msiweke karafuu ndani kwa ajili ya wadudu. Mimi niliweka, na muziki wetu ukanukia bafta la maiti kwa mwaka mzima.

Jambo ambalo balbu haikuliponya ni kutu. Bi Greta alijaribu kuzikaza nyuzi zifike kwenye sauti inayotakiwa, tatu zikakatika, moja ikamchana shavu. Tangu hapo tukaiacha piano ikae pale ilipotaka yenyewe, chini kidogo ya vyombo vyote duniani. Haikuwa chini kwa nusu sauti kamili, ambayo ningeikwepa kwa kuandika nota za jirani. Ilikuwa chini kwa kiasi kisicho na jina. Kwa fidla hilo si tatizo, mwenye fidla huzungusha kigingi akashuka. Harmoniamu haina kigingi. Ndani yake mna ndimi za shaba, na kila ulimi una sauti yake iliyotiwa kiwandani. Athman alipopiga pamoja na piano, sauti mbili zile zilitetema kama meno ya mwenye homa.

Na Athman tulimhitaji. Katika sehemu ya katikati ya konseti, ile ya polepole, kuna mahali piano inapiga nota chache chache zilizoachana, na mabaragumu mawili yanashikilia sauti moja ndefu chini yake kwa vipimo vinane, vile visanduku vinavyogawa mstari wa nota. Ukiitazama kwenye karatasi haina maana. Ni duara tupu limefungwa kwa kamba na duara tupu jingine. Fidla zote mbili na sello zina kazi zao pale, hazina mkono wa kuazima. Nilimpa Athman sauti ile, nikamwandikia mstari wake. Alipiga vizuri, kwa mvukuto wa taratibu usiosikika unapovutwa. Shida ilikuwa kutetema.

Siku moja baada ya mazoezi nilimwambia kwa mzaha, "Athman, harmoniamu yako na piano hii ni mke na wifi. Hawakai nyumba moja."

Hakuteka. Alisema, "Nipe wiki mbili."

Sikumuuliza za nini. Nilikuwa na mambo yangu. Bi Greta alikuwa amewaalika wageni kutoka Nairobi na kutoka kwao, watu wanaojua muziki, na mimi nilikuwa nimeanza kuitwa "bwana mpangaji" kwa sauti fulani niliyoipenda. Sasa nasema kweli, maana sina umri wa kuficha. Kutetema kwa sauti kulikuwa sababu niliyowaambia watu. Sababu yangu ya kumwondoa ilikuwa kuona haya. Niliwaza wageni wale wakiingia waone piano nyeusi inayong'aa, na kando yake harmoniamu ya sanduku iliyopasuka pembe, na nyuma yake mtu mwenye mafuta ya kalafati kwenye kucha. Nilichukua kifutio nikaufuta mstari wake. Ulikuwa wa penseli, ulifutika haraka. Siku ya shughuli, baada ya Alasiri, nilipanga viti mwenyewe. Vinne.

Athman alikuja. Nilimwona mlangoni na harmoniamu yake imefungwa ndani ya kikoi. Alitazama ndani, akaviona viti, akakaa nje dakani, kwenye kile kibaraza cha mawe cha mlangoni, chombo mapajani. Kwetu mtu haombi kiti katika shughuli ya mwenzake. Mimi nilijiambia amekuja kusikiliza. Nilijiambia hivyo kwa bidii.

Muziki ulikwenda. Ulipofika mahali pale pa vipimo vinane, piano ilipiga, nota ikafa, kukawa kimya. Ikapiga, ikafa, kimya. Wageni walipiga makofi mwishoni. Walipokwisha kuondoka Bi Greta aliniuliza, "Pale katikati kulikuwa na kitu. Kimekwenda wapi?" Nilimwambia kilikuwa hakilazimiki. Nilipotoka nje daka lilikuwa tupu.

Hatukuzungumza tena. Si kwamba tuligombana, heri tungegombana. Nikimwona gatini alinipa mkono, akaniuliza hali za nyumbani, akenda zake. Miaka ishirini na miwili.

Katika miaka hiyo kazi ilibadilika mikononi mwangu. Zamani niliandika kwa kalamu ya wino na rula, nakala tano za kila ukurasa, na mbu mmoja akifa juu ya mstari mtu aliweza kumpiga kama nota. Kweli, mpiga sello wetu aliwahi kumpiga. Sasa nyinyi mnabonyeza kitufe na kompyuta inazipunguza fidla ishirini kuwa mbili kabla chai haijapoa. Siwakatazi. Nimeiona ikifanya kazi na inafanya sawasawa kuliko mimi. Ila haijui kwamba mpiga sello wako ana kidole cha shahada kilichovunjika. Haijui adhana ya Magharibi itaingia saa ngapi, na kwamba ukianza baada ya Alasiri una saa mbili na ushee, na hapo utoe dakika za watu kuchelewa. Hayo yajueni nyinyi. Nami nilijua kupunguza vipimo ili tumalize kabla ya adhana, hakuna aliyenishinda kwa hilo.

Sasa nije kwa Zuhura.

Zuhura ni mwalimu wa hesabu hapa kwetu. Bi Greta alimfundisha piano tangu miguu yake haijagusa chini. Bi Greta alipofariki nyumba ikawa maktaba ya watoto, na piano ikabaki pale pale kwa sababu hakuna aliyetaka kurudia kisa cha ile kona. Mwaka huu Zuhura alinijia na karatasi zangu za zamani, alizozikuta kabatini.

"Ami," alisema, "nataka kuipiga konseti hii hapa Amu. Nimepata fidla mbili, na mwalimu wa jiografia anapiga sello. Na nimempata fundi wa piano Mombasa. Anakuja Jumanne kuweka nyuzi mpya, aikaze ifike pale inapotakiwa. Wewe utusimamie tu."

Nikamwambia ni jambo la kheri. Kisha akaweka ukurasa mmoja mbele yangu, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa palikuwa na mstari wa tano. Umefutwa, lakini penseli ilikandamizwa, alama zinaonekana. Ulikuwa wa nani?"

Yeye ni mwalimu wa hesabu, amezoea kuona mahali mtu alipofuta jawabu. Nikamweleza. Sikumweleza yote, nilisema palikuwa na mpiga harmoniamu, mambo hayakulingana.

"Yuko hai?"

"Yuko Matondoni."

"Basi mwambie aje. Mimi nimeijaribu sehemu hii na kinanda changu cha umeme, nikashikilia sauti ile kwa programu. Ami, bila hiyo sauti naona kama napiga ndani ya pipa tupu."

Nilitafuta namba ya mjukuu wake Athman nikatuma ujumbe wa sauti. Nilisalimia, nikaeleza, nikasema ningefurahi sana. Jawabu lilikuja siku ya pili, maneno mawili ya maandishi: "Ujumbe umefika." Zuhura alipouliza nikamwonyesha. Alinirudishia simu.

"Ami, ulimwalika kwa simu?"

Mtoto wa juzi ndiye aliyenikumbusha. Harusi kwetu hualikwa kwa mdomo, mtu anakwenda nyumba kwa nyumba, anabisha hodi, anakaa, anasema. Asiyealikwa hivyo hakualikwa. Na mimi mtu niliyemwondolea kiti nilimwalika kwa simu, tena ya mjukuu. Jumamosi nilipanda punda.

Nilimkuta Athman pwani ya Matondoni chini ya kibanda, amekaa kando ya chombo kilichoinamishwa ubavu, anasokota pamba ya kalafati kwenye paja. Nywele zimekwisha, mikono bado ile ile.

"Asalaam aleikum, Athman."

"Waleikum salaam, Bwana Bakari."

Hakuwahi kuniita Bwana tangu tuzaliwe. Niliteremka kwa taabu.

"Nawaona wawili," alisema. "Ni yupi alobebwa?"

"Goti langu ndilo lililobebwa. Nilikutumia ujumbe."

"Nimeusikia. Mjukuu alinieka simu sikioni kama mtu atibiwao maradhi. Sauti yako ilikuwa nzuri." Akaendelea kusokota. "Mwanao wa mwisho alipoolewa, ulimwalika nani kwa simu?"

"Hakuna."

"Basi."

Nilikaa juu ya gogo. Nilikuwa nimetayarisha maneno ndia nzima, yote yakanitoka. Nikasema, "Athman, nilikufuta. Niliwaambia watu ni kwa sababu ya sauti kutolingana. Haikuwa hivyo. Niliona haya uonekane na wageni. Kiti nilikiondoa kwa mikono yangu hii, na nilikuona dakani nikajifanya sikukuona. Nisamehe."

Aliweka pamba chini, akajipangusa mikono, akaingia nyumbani. Nilidhani ameniacha. Alirudi na harmoniamu ndani ya kikoi, akaiweka mchangani baina yetu, akavuta mvukuto na kubonyeza kibao kimoja.

"Nota gani hii?"

Sikio langu bado halijastaafu. "Ni nota ya la, ile ya kulinganishia vyombo. Lakini iko chini." Nikasikiliza tena. Haikuwa chini kwa nusu sauti. Ilikuwa chini kwa kile kiasi kisicho na jina, nami nilikijua, nilikaa nacho miaka. "Hii ni la ya piano ya Bi Greta."

"Wiki mbili nilikuomba," alisema. "Nilifungua ndimi zote, themanini na nne. Wazikwangua kwa tupa hapo kwenye shina, kidogo, wasikiza, wakwangua tena. Ukikwangua kwenye ncha sauti yapanda, kwenye shina yashuka. Usiku sikuona, nilifanya mchana, kazi ya vyombo nikaieka. Siku ile dakani nilikuwa nimekuya kukuonyesha kwamba mke na wifi wamepatana."

Sikuweza kuinua macho.

"Na shaba ikishaondoka hairudi, Bwana Bakari. Nikizipandisha tena zitavunjika. Hakuna kikundi kilichonitaka tangu hapo, kila nikipiga nao nawakosesha. Naipiga hapa, peke yangu. Duniani ina mwenziwe mmoja, ile piano."

Nikakumbuka Jumanne. Ningeweza kunyamaza, lakini kunyamaza nilikuwa nimekufanya vya kutosha. "Fundi anakuja kutoka Mombasa," nilisema. "Piano itakazwa ifike juu."

Athman akaifunga harmoniamu ndani ya kikoi, fundo kwa fundo.

"Umekuya mbali," alisema, "kuniambia hata huyo mmoja yuwaondoka."

Nilirudi Amu moja kwa moja hadi kwa Zuhura, na vumbi langu. Nilimwambia mambo yote, safari hii bila kuruka. Alisikiliza amekaa kwenye kiti cha piano.

"Kwa hiyo unataka nini, Ami?"

"Piano ikae pale ilipo. Fidla na sello washuke."

"Ami, dunia nzima inalinganisha hapa." Akanionyesha simu yake, programu ya kupimia sauti, sindano imesimama katikati. "Nimemlipia fundi nauli. Wenzangu wamefanya mazoezi. Tushushe watu watatu kwa ajili ya mmoja?"

"Fidla inashuka kwa kuzungusha kigingi. Yeye hana pa kupandia. Nilimziba mimi."

"Na asipokuja?"

"Tutakuwa tumepiga chini kidogo, na hakuna Amu atakayejua."

"Mimi nitajua," alisema. Nikaona nimeshindwa. Alibonyeza la, akaiacha ife. Akaibonyeza tena. "Nilijifunzia sauti hii," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Nilipokwenda chuo Mombasa nikapiga piano yao, niliona ni yao iliyokosea."

Fundi alipokuja Jumanne na mkoba wake, Zuhura alimwambia abadilishe nyuzi zilizooza, azipatanishe zote zenyewe kwa zenyewe, lakini asipandishe. Yule bwana alitutazama mmoja mmoja. "Nimesafiri siku nzima kuja kuikosea piano?" Tukampa halua na kahawa, akaikosea vizuri sana. La aliiacha pale pale.

Ukurasa ule niliuandika upya, safari hii kwa wino. Kisha nikarudi Matondoni mara ya pili, kwa mdomo, nikabisha hodi. Athman alikuwa amekwenda kazini upande wa pili wa kisiwa. Nilimwambia mkewe, Bi Fatuma, nikakaa nikanywa maji kama inavyopasa, nikasema: Alhamisi, baada ya Alasiri, ni mazoezi ya mwisho, piano iko pale pale, na kiti kipo. Bi Fatuma alisema, "Nitamwambia. Yeye ni mgumu, lakini si jiwe."

Alhamisi nilipanga viti mwenyewe. Vitano. Cha tano nilikiweka kando ya mkono wa kushoto wa piano, pale kilipokuwa zamani, na ukurasa wa wino juu yake. Watu walishuka wakalinganisha na piano, mwalimu wa jiografia akalalamika sello yake inasikika kama imetoka kulala. Tukaanza. Sehemu ya kwanza ilikwisha na kiti kikiwa kitupu. Zuhura alinitazama, akafungua sehemu ya polepole.

Tukasikia mtu anakohoa dakani.

Alikuwa amekaa pale pale, harmoniamu mapajani, kikoi kingine lakini fundo lile lile. "Bodaboda yafika, Bwana," aliniambia. "Yule punda ulimwonea."

Hakuinuka, wala sikungoja ainuke. Nilichukua harmoniamu mikononi mwangu, nzito kuliko nilivyodhani, nikatangulia nayo ndani mpaka kwenye kiti cha tano. Alinifuata. Aliokota ukurasa, akapitisha kidole chenye mafuta juu ya maduara yale manane.

"Kwa wino?"

"Kwa wino."

Alikaa. Zuhura alipiga nota yake ya kwanza, na kabla haijafa Athman alivuta mvukuto. Sikusikia kuanza kwake. Nilisikia tu kwamba piano imenyamaza na muziki haukunyamaza. Hapakuwa na kutetema. Nota ikapigwa, ikafa, na chini yake ile sauti ilikuwepo, imejaza kila ufa, vipimo vinane. Mwalimu wa jiografia alisahau kuingia.

Zuhura alisimamisha mikono. Athman bado alikuwa anavuta, taratibu, macho amefumba. Alipofumbua alitazama ukurasa, kisha akanitazama mimi.

"Beka," alisema. "Hapa umenipa vinane. Kumi haviwezekani?"

Zuhura alinigeukia na jicho la mwalimu wa hesabu. Nje muadhini alikuwa anapuliza kipaza sauti kujaribu kama kimewaka. Tulikuwa na dakika chache.

Nikatoa kalamu mfukoni, nikaandika kumi.